Rahani ya Majina ya Watu

Tumeletewa suali na mmoja katika vijana wanaohudhuria darsa zetu za baada ya Ishaa. Suali si lake. Ni la mwanafunzi mwenziwe anayekaa naye chumba kimoja chuoni, kijana wa Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, huko kwenye vilima vya Wagusii vyenye chai na migomba. Kijana huyo si wa dini yetu, wala hakutaka fatwa. Ameuliza kama binadamu anavyomwuliza binadamu mwenziwe, na kwa sababu hiyo tumeona tumjibu kwa hoja ambazo kila mwenye akili timamu anaweza kuzipima, awe wa Lamu au awe wa Nyamira.

Suali lenyewe ni hili: fundi akitengeneza chombo kwa amri ya aliyemwajiri, na chombo kile kikaja kuwadhuru watu, jee, lawama ni ya fundi, au ni ya mwenye amri peke yake?

Kazi ya kijana ni kutengeneza tovuti na programu za simu. Aliianza kazi hii kwa simu yake mwenyewe, kwani kompyuta hakuwa nayo. Akisoma usiku, wakati bando ni rahisi, na kuandika mchana alipokuwa hana kipindi. Baadaye akapata kompyuta iliyokwisha kutumika. Huko kwao akarudi wakati wa likizo, akapata kazi kwa mtu mmoja anayekopesha fedha kidogo kidogo: shilingi 2,000 kwa mchuma chai, shilingi 3,000 kwa mwendesha bodaboda, na mfano wa hayo. (Ama ziada anayoichukua juu ya mkopo, hiyo ina hukumu yake inayojulikana, na tumeiandika zaidi ya mara moja. Leo hatuizungumzi.) Kijana akamtengenezea tovuti. Mwenye kutaka mkopo aliifungua, akaandika jina lake, nambari ya kitambulisho, na kiasi anachotaka, basi. Ilifunguka katika simu yoyote, hata ya bei ndogo, wala haikula data nyingi. Kijana akaona amefanya kazi nzuri, na kwa tulivyoelezwa, ilikuwa nzuri kweli.

Mwenye mali hakuipenda. Hakusema kwamba ni mbaya au ni nzito. Alisema: "Tovuti haioni majina yaliyomo katika simu ya mtu. Mimi nataka programu ya kuwekwa ndani ya simu, isome majina yote na nambari zote, iniletee."

Hapo ndipo kijana aliposita, na sisi twasema amesita mahali pa kusita. Lakini kabla ya kumjibu, yafaa ndugu msomaji aelewe tafauti ya vitu hivi viwili, kwani wengi wetu twabeba simu mifukoni na hatujui ni nini tulichokikaribisha.

Nyumba zetu za mawe, kama zilivyo Lamu na katika Mji wa Kale wa Mombasa, zina daka mbele ya mlango. Mgeni asiyejulikana huketi darakani kwa heshima zote, akaletewa kahawa, akasema haja yake, akaenda zake. Hakuona mke wala binti, wala hajui sanduku la nyumba limewekwa wapi. Tovuti ni mgeni wa darakani. Yasikia unayoiambia, na mengi yasiyokuwa hayo imezuiliwa. Programu iliyowekwa ndani ya simu ni mgeni aliyekwisha kupita mlango, akaingia ndani, na sasa aomba ufunguo wa kila chumba: chumba cha majina, chumba cha picha, chumba cha barua, chumba kinachoonyesha mahali ulipo. Tangu mwaka 2015 simu za Android huuliza kabla ya kuufungua kila chumba mojawapo katika hivyo, nazo hukutaka ubonyeze kukubali au kukataa. Ni jambo jema. Lakini mgeni naye husema: usiponifungulia chumba hiki, sikupi ulichokijia. Na aliyekijia ni mama ambaye mtoto wake ana homa na daktari ataka alipwe.

Khabari ya namna majina yale yanavyotumika si siri tena katika Kenya. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 watu walizoea kupeleka fedha kwa simu. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, mtu akaweza kukopa kwa simu hiyo hiyo bila ya kumwona karani. Baada ya hapo zikamiminika programu za mikopo, nyingine za watu wanaojulikana na nyingine hazijulikani mwenyewe ni nani. Mkopaji akilipa kwa wakati, hapana neno. Akichelewa, mwenye mali hamtafuti yeye tu. Humpigia simu mama yake, mkwewe, bwana wake wa kazi, mwalimu wa mtoto wake, hata mtu ambaye mkopaji aliweka nambari yake miaka mitano iliyopita kwa ajili ya kununua mbuzi. Wote waambiwa: fulani ni mdeni, fulani ni mwizi, mwambie alipe. Katika mji mkubwa huenda aibu ile ikapotea katika zogo la watu. Katika mahali kama Ekerenyo, ambapo mtu hujulikana na babu yake pia hujulikana, aibu ile haimtoki. Na sisi wa pwani twajua vizuri zaidi, kwa sababu tumelelewa juu ya neno moja: sitara. Mtu aweza kulala na njaa na mlango umefungwa, ili jirani asijue. Anayeuvunja mlango huo amechukua kitu ambacho hata akilipwa deni lake mara kumi hawezi kukirudisha.

Serikali iliamka. Mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data, na baadaye ikawekwa afisi yenye kamishna wake wa kuisimamia. Disemba 2021 Benki Kuu ikapewa uwezo juu ya wakopeshaji wa simu, na kanuni zilizotoka Machi 2022 zikawakataza wazi kufungua orodha ya majina katika simu ya mkopaji ili kuwaletea watu wake maneno pindi akichelewa kulipa. Septemba 2023 Kamishna wa Data akaitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000, kwa kuyatumia majina na nambari za watu kwa vitisho. Nao Google, ambao duka lao ndilo wanalolitumia wengi kupata programu, wakatangaza kwamba tangu tarehe 31 Mei 2023 programu za mikopo haziruhusiwi kuomba majina wala picha za mtu.

Basi atasema msemaji: suali limekwisha, sheria imekataza, kijana akatae aende zake. Sivyo. Programu yaweza kupelekwa kwa mtu moja kwa moja katika ujumbe wa simu, isipite katika duka lolote. Na mkopeshaji mdogo wa kijijini hatarajii kwamba kamishna wa Nairobi atamfikia. Zaidi ya hayo, kijana hakuuliza lipi linaadhibiwa. Aliuliza lipi ni haki. Hayo ni masuali mawili, na mwenye kuyachanganya atajikuta siku moja anafanya ubaya ambao sheria haijapata kuufikiria.

Sasa tuitazame hoja ya mwenye mali, nayo tuitazame kwa insafu, kwani asiyemsikiliza adui wa hoja yake hajui hata hoja yake mwenyewe. Yeye asema: nampa mtu fedha zangu bila ya kuwa na shamba lake, wala ng'ombe wake, wala mdhamini. Benki huchukua rahani. Mimi nichukue nini? Mchuma chai hana kitu. Ana jina lake tu na watu wanaomjua. Hayo ndiyo rahani yangu.

Haya ni maneno yenye nguvu, na ndani yake mna ukweli: ni rahani kweli. Hiyo ndiyo sababu tumeipa makala hii jina lake. Lakini rahani ina masharti ambayo watu wameyajua tangu kale, katika fikihi yetu na katika desturi za mataifa mengine. La kwanza katika hayo ni kwamba mtu huweka rahani kilicho chake. Akitaka kuweka rahani cha mwenziwe, sharti mwenziwe ampe idhini naye ajue anaidhinisha nini. Mimi siwezi kwenda sokoni nikaweka rahani mkufu wa dada yangu kwa kuwa tu umo katika sanduku langu kwa ajili ya kuhifadhiwa. Mkufu ule ni amana. Kukaa kwangu nao hakunipi umiliki.

Basi nambari ya simu ya shemeji yako iliyomo katika simu yako ni kitu gani? Ni chako? Alikupa ili umpigie. Hakukupa ili umpe mtu wa tatu, wala hakupata kusikia jina la mtu huyo. Kwa hivyo mkopaji anapobonyeza kukubali, ameruhusu kitu ambacho yeye hana uwezo wa kukiruhusu. Labda katika simu yake mna majina 300. Mkopaji ni mmoja. Mia mbili tisini na tisa hawakukopa, hawakuulizwa, hawajui, na baadhi yao walikuwa wamelala wakati jambo lilipofanyika. Ukubali wa mtu mmoja umefanywa kuwa ukubali wa kijiji. Hapa hatuhitaji hata kuchunguza kama mkopaji alikuwa na dhiki au alikuwa na raha. Hata angekuwa tajiri aliyeketi chini ya mwembe akiyasoma masharti neno kwa neno, bado hangeweza kuyatoa majina yale, kwa kuwa si yake.

Na kwa hakika hakuyasoma. Masharti yale huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, yakawa marefu kuliko barua ya mirathi, yakawekwa mbele ya mtu ambaye lugha yake ya nyumbani ni Ekegusii. Wanavyuoni waliposema kwamba kuuziana kitu kisichojulikana hakusihi, walikuwa na samaki aliye baharini na ndege aliye hewani katika fikira zao. Lakini sababu waliyoitoa yafaa hapa pia. Ridhaa haiwi ridhaa ila kwa kujua unachokiridhia. Kidole kilichobonyeza si moyo ulioridhika.

Twarudi kwa fundi. Wako watu watakaosema: haya yote ni makosa ya mwenye mali, na mkopaji naye ana sehemu yake, fundi ni mkono tu. Mkono haushitakiwi.

Fikiri juu ya mwashi. Mwenye nyumba ataka kupangisha nyumba yake, naye amwajiri mwashi amjengee ukuta baina ya chumba cha ndani na ujia. Kisha amwambia: katika ukuta niachie tundu dogo, ulifiche kwa nakshi, nipate kutazama ndani wapangaji wakiwamo. Mwashi akalijenga, akalipwa, akaenda zake. Siku ikajulikana. Jee, yuko mtu katika mtaa atakayemwambia mwashi yule "wewe huna neno, ulikuwa mkono tu"? Nadhani hata watoto watamtupia mawe. Kwa nini? Si kwa sababu alitazama, hakutazama. Ni kwa sababu katika watu wote waliohusika, ni yeye na mwenye nyumba tu waliojua kwamba tundu lipo. Mpangaji hakuweza kujilinda na kitu asichokijua. Mwashi aliweza kumlinda kwa kutolijenga, naye akalijenga.

Hapo ndipo jambo lote lilipo, kwa maoni yangu. Fundi wa programu ana kitu ambacho mchuma chai hana wala hawezi kukipata: yeye aona ndani. Kule Nyamira mkulima hupeleka majani yake mabichi katika kituo cha kununulia chai, yakapimwa kwa mizani. Hakuitengeneza mizani ile, wala hawezi kuifungua. Asomewa idadi ya kilo, naye akubali, kwa sababu aamini kwamba aliyeitengeneza na aliyeirekebisha hawakumfanyia khiyana. Kama mizani yatazamwa na wote lakini ndani yake yajulikana na mmoja, basi yule mmoja amebeba amana ya wote. Kadiri chombo kinavyofichika ndivyo amana ya fundi inavyozidi uzito. Seremala anayetengeneza kiti ana amana ndogo: mguu ukiwa mfupi, mnunuzi ataona mwenyewe. Mwenye kutengeneza programu ana amana kubwa kuliko ya seremala, mwashi na mpima chai, kwani kazi yake yote imefichika nyuma ya kioo.

Mafakihi wamekhitilafiana juu ya fundi aliyepewa kitu cha mtu kikaharibika mkononi mwake. Wako waliosema hulipa kwa hali yoyote, kwani bila ya hivyo mafundi wangepuuza mali za watu. Na wako waliosema halipi ila akiwa amezembea au amevuka mpaka. Khitilafu hiyo ni juu ya asiyekusudia. Ama anayejua madhara na akayatengeneza kwa mikono yake, hatujui aliyemtoa katika lawama.

Kijana, kwa kuwa ni mwerevu, ameleta hoja mbili za kujipinga mwenyewe, nazo zastahili kujibiwa zaidi kuliko za mwenye mali.

Ya kwanza: "Nisipofanya mimi, atafanya mwingine." Kweli atafanya. Wako wengi wenye ujuzi huo Kisii, Kisumu, Nairobi na kwetu Mombasa, na baadhi yao hawataliuliza mtu suali lolote. Lakini tazama hoja hii yasema nini. Yasema kwamba kitendo changu hakina uzito kwa kuwa matokeo yatakuwa yale yale. Basi kila mmoja katika mafundi 100 aweza kuisema, na kila mmoja akawa mkweli, na jambo likafanyika, na mwisho wake hapana aliyelifanya. Hoja inayoweza kumtoa kila mtu katika lawama, na ubaya ukabaki umesimama pale pale bila ya mwenyewe, ina kasoro ndani yake. Tena si kweli kwamba kukataa hakubadilishi kitu. Mwenye mali akikataliwa na mmoja, humlazimu kumtafuta mwingine na kumweleza tena kwa maneno anachokitaka, na kila anapokieleza huzidi kuonekana kilivyo. Akikataliwa na watatu, huanza kuuliza kwa nini.

Ya pili ni nzito, nayo siijibu kwa wepesi: "Nina karo ya kulipa, na mama yangu achuma chai." Masheikh wengi, tukisikia hivi, hukimbilia kumwambia mtu asubiri, na sisi tumekwisha kula chakula cha mchana. Sitamwambia hivyo. Umasikini ni udhuru katika mambo mengi, na hukumu ya mwenye njaa si hukumu ya aliyeshiba. Ila udhuru una mpaka: mwenye dhiki aweza kusamehewa kwa kula kisichokuwa chake asife, lakini dhiki yake haimpi ruhusa ya kumtwika mwenziwe dhiki iliyo kama yake. Na hapa watakaotwikwa ni akina nani? Ni wachuma chai. Mama yake kijana ana simu, na jina lake limo katika simu za majirani zake. Siku jirani mmoja atakapochelewa kulipa, mama yule ndiye atakayepigiwa. Kijana atakuwa amelipa karo kwa fedha zilizomfanya mama yake atukanwe na mtu asiyemjua.

Lakini asidhani msomaji kwamba twasema kila programu inayouliza jina au mahali ni khiyana. Ushahidi uko karibu. Mwaka 2017 wasichana 5 wa shule ya Kisumu Girls, ambayo si mbali sana na Nyamira, walitengeneza programu waliyoiita i-Cut, ili msichana anayetaka kukeketwa aweze kuomba kuokolewa kwa kubonyeza mahali pamoja tu, na aliyekwisha kukeketwa apate msaada wa daktari na wa sheria. Programu ile iliwafikisha California katika mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Katika nchi ya Wagusii, ambako ada hiyo ina mizizi mirefu, khabari hii si ya mchezo. Hapo msichana hutoa siri iliyo kubwa kuliko deni. Ikivuja, huenda aliyetaka kumkimbia akawa wa kwanza kuijua. Hata hivyo aitoa kwa haki, kwa sababu ajua aitoa kwa nani, kwa ajili gani, na siri ni yake mwenyewe. Kadhalika Ushahidi, tovuti iliyotengenezwa na Wakenya wachache katika siku za machafuko ya Januari 2008 ili watu wapeleke khabari za mauaji na uharibifu, ikaja kutumika hata Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Ujuzi ni ule ule aliojifunza kijana wa Ekerenyo usiku kwa simu yake.

Na kinyume chake, jambo likawa lina sura ya ibada na ndani yake lina biashara ya watu. Novemba 2020 jarida la Motherboard lilifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na ya kibla, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka khabari za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode, nayo ikawauzia wakandarasi, na kwa njia yao jeshi la Marekani. Wenye programu wakasema wameacha. Januari 2024 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikaipiga marufuku kampuni ile, iliyokwisha kubadili jina, isiuze tena khabari zinazoonyesha nani alikwenda mahali pa ibada au pa matibabu na mfano wa hayo. Wengi wetu tulikuwa na programu hiyo. Tuliitazama kujua Alfajiri imeingia, nayo ikitutazama sisi.

Katika kisa hicho mna funzo la kiufundi ambalo nimeelezwa na wenye kujua. Fundi wa leo haandiki kila kitu mwenyewe. Huchukua vipande vilivyotengenezwa na wengine akavifunga pamoja, kama mjenzi anavyonunua milango iliyokwisha kuchongwa. X-Mode walikuwa wakiwalipa wenye programu ili watie kipande chao ndani. Kwa hivyo yawezekana fundi akatia tundu katika ukuta na asijue kama ametia. Huyu si kama mwashi wetu, lakini hakuepukana na kila kitu: ana wajibu wa kuchungulia anachokitia, kwa kadiri ya uwezo wake. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kwamba kuingia katika kompyuta kwa mbali kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde! Hakuipuuza. Akaifuatilia, akakuta mlango wa siri uliotiwa ndani ya XZ Utils, kipande kilichokuwa njiani kuenea katika kompyuta nyingi za ulimwengu. Huo ndio uangalifu tunaoutaka, na twautaka katika mambo mengine kuliko haya pia.

Wazee wetu wawili katika darsa, waliposikia yote haya, walisema dawa ni kuiacha simu. Tuliwaheshimu na hatukuwafuata. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa, alitumia karatasi na wino ambavyo wengine walikuwa wakivitumia kwa matusi na uzushi. Hakuviacha.

Basi jibu letu kwa kijana ni kwamba asiifanye kazi ile kwa namna ilivyotakwa. Na amwambie mwenye mali sababu, kwa adabu na kwa uwazi, asijisingizie ugonjwa wala mitihani. Kwani mwenye mali naye ana haki ya kuambiwa kwamba jambo lake ni ubaya na kwamba sheria ya nchi yamkataza. Ampendekezee lingine badala yake: tovuti ibaki kama ilivyo, na mkopaji alete mdhamini mmoja au wawili, wapigiwe simu kabla ya fedha kutolewa, waulizwe: jee, wakubali kumdhamini fulani kwa kiasi kadhaa? Akikubali mdhamini kwa ulimi wake, jina lake limekuwa rahani halali. Wakikataa, mkopeshaji amejua alichotaka kukijua. Si jambo jipya. Ni dhamana ile ile iliyokuwa ikifanywa sokoni kabla ya umeme. Mwenye mali akilikubali, kijana hakupoteza kazi, isipokuwa tu kwamba mkopo ule bado una ile ziada tuliyoitaja, nasi hatuifichi kwa kuwa muulizaji si wa dini yetu.

Ameuliza pia kwamba alikwisha kupokea shilingi 5,000 za arubuni, na sehemu yake ameitumia. Zilizo za tovuti ni zake, kwa kuwa tovuti aliimaliza na mwenye mali ameipokea. Zilizotolewa kwa ajili ya programu azirudishe, na kama hana sasa, ziwe deni, aliandike na kuweka tarehe, mbele ya mtu mwingine.